Mvua Inayonyesha Kwenda Juu

Kila aliyeingia katika nyumba ya seremala siku zile aliinama. Hakuna aliyeamriwa kuinama. Mtu alivua viatu mlangoni, akanawa mikono kwa sabuni kwa sababu bibi wa mtoto alikuwa amekaa palepale kuhakikisha, akasogea kitandani, na mwili wenyewe ukainama. Akaweka pua juu ya utosi wa kile kitoto, akavuta pumzi, akafumba macho. Halafu akasema lake.

"Maziwa ya moto," alisema jirani wa upande wa jiko. "Yale yanayotaka kufurika."

"Maziwa wapi! Huyu ananukia nguo iliyoanikwa juani, ukaianua ukajifunika nayo uso," alisema shangazi yake seremala.

"Ninyi pua zenu zimestaafu," akadakia mwenye duka la mikate. "Mkate. Tena mkate kwa ndani, kabla haujaguswa na kisu."

Bibi, aliyekuwa akikunja nepi kando ya dirisha, akacheka kwa mabega. "Semeni mtakavyo. Kila pua na kwao."

"Na baba mtu je?" akauliza shangazi. "Mbona umejibanza kizingitini kama mdai? Njoo, seremala, useme wewe mwanao ananukia nini."

Seremala akasogea. Mtoto alikuwa amelala, pua yake ndogo ya mviringo ikipanda na kushuka. Kwa ajili ya pua hiyo mama yake, ambaye ni mshonaji wa sare za shule, alikuwa ameshampa jina la nyumbani: Kifungo. Seremala akainama. Alipoinama tu, paji la uso likamgonga, kama kuna mtu ndani anayepigilia misumari kutokea upande wa pili. Akavuta pumzi. Pua ikapiga mluzi mwembamba kama birika linalokaribia kuchemka, kisha ikafunga mlango. Hakikuingia kitu. Si maziwa, si jua, si mkate.

"Adadukia vizuri," alisema.

Alitaka kusema ananukia. Watu wakaangua kicheko, naye akacheka nao, lakini kicheko chake hakikufika shingoni.

Pua ile ilikuwa imeziba tangu alipopokea kazi ya viti vya ukumbi. Mbao zilikuwa kavu, msumeno ulikuwa ukipiga kutwa, na vumbi lilikuwa likielea karakanani kama unga kwenye kinu. Ilianza kama mafua. Mafua yakaondoka, ila yakaacha mizigo yao: kichwa kizito, mashavu yanayouma chini ya macho, na kila herufi inayopita puani ikawa inakwama njiani. Asubuhi alimwamkia mama mkwe wake, yule bibi wa mtoto, "Shikaboo, baba." Naye mama mkwe, mtu wa heshima zake, akajibu, "Marahaba, mwanangu," bila hata kutikisa mdomo. Kisha akaenda uani, akashika mti wa kamba ya kuanikia nguo, akacheka mpaka akakaa chini.

Mama mkwe yule alikuja na mfuko mmoja wa nguo na mdomo uliojaa vitendawili, amtunze binti yake mpaka apate nguvu. Yeye na seremala walipendana, lakini kwa mbali. Kati ya mkwe na mkwe kuna pazia, hata pale ambapo halikutundikwa. Seremala alikohoa kabla ya kuingia uani ili mama ajiweke sawa. Mama aliposikia kikohozi, alivuta kanga yake kichwani na kupata ghafla kazi ya kufanya upande mwingine wa nyumba. Wakiwa na jambo la kuambiana, walilituma kwa mtu wa kati: "Mwambie mume wako maji ya kuoga yako tayari." Na mume huyo yuko hatua mbili, anasikia.

Siku moja seremala alikuwa ukumbini mwa nyumba yake na ndoo mkononi, akasikia mama na binti wakizungumza chumbani.

"Mama, mbona kama leo harufu imepungua?"

"Umeliona eeh? Harufu ile ni mgeni, mwanangu, haihamii. Anakuja na mtoto, anakaa kidogo, anaaga. Akimaliza miezi miwili hivi, utanusa utakuta ni mtoto tu kama watoto. Mzuri, lakini ile hairudi."

Seremala akaweka ndoo chini polepole isilie.

Huyu ni mtu aliyekuwa akijua mbao kwa pua. Wenzake karakanani walizoea kumfumba macho kwa leso na kumpitishia vipande, naye akavitaja kimoja kimoja kama anaita watoto wake watoke nje kucheza. Sasa kumekuja kitu kimoja nyumbani mwake ambacho watu wote wamekinusa, hata mwenye duka la mikate, na yeye mwenye mtoto amesimama nje ya mlango. Na mlango wenyewe unafungwa. Mwezi ulikuwa umeshakwisha.

Alikuwa na aibu nayo. Akaanza kumkwepa mtoto. Akitoka kazini hukaa uani, hupiga brashi viatu ambavyo havina tope.

"Leo pia humbebi?" mkewe alimwuliza.

"Nina vumbi."

"Jana ulikuwa na vumbi. Juzi ulikuwa na vumbi. Wewe ni mtu au ni barabara?"

Seremala akacheka, lakini mkewe hakucheka. Alikuwa anamtazama mtoto, anaifunga na kuifungua kamba ya kofia yake.

"Niambie ukweli, Baba Kifungo," alisema kwa sauti ya chini. "Ulitaka wa kiume?"

"Hapana!" Alitaka neno litoke kama nyundo. Likatoka puani limepinda, zito, kama neno la mtu asiye na hakika. Mkewe akageukia ukutani na mtoto wake.

Usiku ule seremala alilala mdomo wazi, macho wazi vilevile.

Kesho yake karakanani walikuwa wanapinda migongo ya viti. Kuna sanduku refu la mbao, linaunganishwa na pipa la maji yanayochemka, mvuke unaingia, ubao unalazwa humo mpaka ukubali. Mwenzake wa kazi, mtu mrefu mwembamba waliyemwita Msumari, alifungua kifuniko, wingu likatoka, akauchomoa ubao mmoja na kuupinda juu ya kiunzi kama mkanda wa suruali.

"Ona," alisema Msumari. "Asubuhi alikuwa anajifanya chuma. Sasa hivi hata ukimwambia akufunge kamba za viatu, anafunga."

Seremala akautazama ubao. Wazo likamwingia, na kwa kuwa pua ilikuwa imefungwa, wazo nalo halikupata pa kutokea.

"Msumari, kama mvuke unauweza ubao, utashindwa na pua?"

"Pua yako hiyo?" Msumari akaipima kwa jicho. "Hiyo labda tuitie kwenye sanduku na wewe ukiwa umeshikwa miguu."

Jioni seremala alifagia maranda chini ya meza yake, yale maganda mepesi ya ubao yanayojikunja yakitoka kwenye randa. Alichagua maranda ya mti ule mwekundu unaonukia kuliko yote, ule ambao watu hutengenezea masanduku ya nguo. Akajaza mfuko. Akachukua na turubai la kufunikia mbao, kwa maana alisema moyoni, taulo ni la watu wenye mafua ya siku mbili. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angefikiria hivyo. Lakini seremala akiumwa, hata dawa anaitafuta chini ya meza yake.

Nyumbani alikuta kimya. Mkewe na mtoto wamelala, mama mkwe yuko uani na nguo. Akaingia jikoni, akafunga mlango, akaweka sufuria kubwa motoni, akamimina maranda. Maji yalipotokota akavua shati, akavuta kigoda mpaka kando ya moto, akajitupia turubai kichwani, yeye na sufuria na moto wake, akavuta pumzi.

Mvuke ulipogusa turubai, vumbi la miezi yote lililolala ndani ya nyuzi likaamka. Likamshukia usoni. Alipiga chafya. Akapiga nyingine. Akapiga chafya ambazo hazikusubiriana. Macho yakajaa, koo likawasha, goti likagonga sufuria, sufuria ikayumba, maji yakamwagikia moto, moto ukasema shaaa!

Mama mkwe akiwa uani akasikia jiko lao linapiga chafya. Akaja mbio, akasukuma mlango. Katikati ya moshi akaona kilima cha turubai kinaruka ruka.

"Ee! Nani humo?"

"Di bibi, baba!" kikajibu kilima. 

"Bibi gani tena? Bibi wa nyumba hii ni mimi!"

Ndipo alipoona miguu na kuitambua. Hakusita. Aliondoa sufuria kwa ncha ya kanga yake, akazima moto, akafungua dirisha, akalivuta turubai. Akamwona mkwe wake kifua wazi, macho mekundu, rangi ya maji ya mti imemchuruzikia kidevuni. Mara moja akageuza uso na kuukabili ukuta. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kati, ikabidi aongee na ukuta.

"Umeungua?"

"Hapana, mama." Tuseme hivyo ndivyo alivyosema, kilichosikika kilikuwa kingine.

"Vaa shati."

Akavaa.

"Maji hayo yangekumwagikia mapajani, sasa hivi tungekuwa tunalia. Mtu hajifukizi juu ya moto unaowaka. Ng'ombe hajui hilo, lakini hata yeye halali jikoni." Akasikiliza kama mtoto ameamka. "Kitendawili."

Seremala alifikiri hakusikia vizuri. "Mama?"

"Nimesema kitendawili."

"Tega."

"Mwizi kaniingilia chumbani, nikamwita kaka yake aje amtoe."

Seremala akajifuta macho. Akalitazama turubai, kila alipoligusa lilitoa wingu. Akatazama maranda yaliyovimba ndani ya sufuria. Fahamu zikamrudia moja moja, kama wafanyakazi waliochelewa.

"Mwizi ni vumbi la mbao."

"Na kaka yake?"

"Maranda."

"Basi wewe umeualika ukoo mzima, na shuka la kulalia umewapa." Mabega ya mama yalitikisika mbele ya ukuta. Kisha yakatulia. "Sasa nijibu na hiki, wala si kitendawili. Haraka ya nini, mwanangu? Pua hii imeziba tangu sijaja. Leo imekuwaje?"

Angeweza kusema uongo. Lakini mtu aliyekupa mgongo ni rahisi kumwambia kweli.

"Mtoto anamnukia kila mtu," alisema. "Mimi sijamsikia. Hata mara moja. Na nimesikia ukisema harufu inaondoka."

Mama alinyoosha mkono, akafuta kidoa ukutani ambacho hakikuwapo.

"Na mwenzako umemwambia?"

"Hapana."

"Unajua mwenzako anafikiri nini?"

Seremala akainamisha kichwa, na yule mpigilia misumari wa kichwani akaanza kazi humo ndani.

"Nenda ukamwambie," alisema mama. "Hilo siwezi kukusemea, na mvuke hauwezi. Kesho asubuhi unakwenda zahanati, kichwa kinachouma hivyo kinatakiwa kitazamwe. Jioni nitakuonyesha namna watu wanavyojifukiza."

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, mtoto kifuani, uzi wa sare ya mtu ukiwa bado umening'inia begani. Hakusema pole. Alimtazama kwa muda mrefu kama mtu anayepima kitambaa, halafu machozi yakamtoka pamoja na kicheko, vyote viwili vikigombania mlango.

"Mjinga wewe," alisema. "Mimi nalia kila siku najua humtaki, kumbe una pua mbovu!"

"Nilikuwa naona aibu."

"Aibu ya pua? Ungeona aibu ya kukoroma kwanza."

Aliinuka, akachukua kopo la poda yenye manukato waliloletewa na wageni, akachukua na sabuni ya rangi ya waridi na chupa ya mafuta ya mtoto, akavipandisha vyote juu ya kabati, nyuma kabisa.

"Kuanzia leo kichwa hiki hakipakwi kitu," alitangaza. "Maji matupu. Atakayekuja na poda yake, akajipake mwenyewe. Kilichobaki humu ni cha baba yake."

Zahanati mganga alimmulika puani kwa tochi, akambonyeza mashavuni na juu ya nyusi, akauliza kazi yake. Aliposikia seremala, akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la kitendawili rahisi. Alisema vijumba vya hewa ndani ya uso vimevimba kwa sababu ya vumbi. Akampa dawa ya kupuliza puani. Akamwambia mvuke utamletea nafuu, utalegeza kilichoganda, lakini hautamaliza kitu kama kila siku anakwenda kula vumbi upya. Afunike pua kazini. Na akipata homa, au uso ukivimba, arudi mbio.

Mkewe akamshonea kifuniko cha pua kwa mabaki ya kitambaa cha sare, bluu ya shule, safu mbili, na kifungo nyuma ya kisogo. Msumari alipomwona akauliza amepangwa darasa la ngapi. Baada ya siku chache Msumari mwenyewe akamwita pembeni na kuuliza kama kitambaa kimebaki.

Jioni ya kwanza mama mkwe aliandaa kila kitu. Alichemsha maji matupu. Akayaepua, akayamimina kwenye beseni pana, akaliweka beseni juu ya meza nzito iliyoegemea ukuta, meza ambayo seremala aliitengeneza mwenyewe na haikujua kuyumba. Mtoto na mama yake walikuwa chumba cha ndani, mlango umefungwa, maana maji ya moto na mtoto havikai kijiji kimoja. Taulo safi likakunjwa juu ya kiti. Kisha bibi akatoka, akaliteremsha pazia la mlangoni, akakaa upande wa pili kwenye kigoda chake. Heshima ikabaki mahali pake.

"Mwanangu, yaache kwanza maji, hasira yao ya kwanza ishuke. Umeyaacha?"

"Nimeyaacha."

"Sasa inama. Usiyabusu. Kati ya uso wako na maji, ikae dhiraa ya mkono. Yakikuuma, inuka. Jifunike taulo. Fumba macho, mvuke haupendi kutazamwa. Vuta kwa pua, polepole."

"Haipiti."

"Vuta hivyohivyo. Mgeni hodi hapigi mara moja."

"Nikae mpaka lini?"

"Saa mimi sielewani nayo, na humo gizani huioni. Tutapima kwa vitendawili. Nitatega vinne, tena kwa kituo. Cha nne kikiisha, toka, hata kama kuna utamu. Kitendawili!"

"Tega!"

"Mvua ya kwetu inanyesha kwenda juu."

Chini ya taulo, mvua ile ilikuwa inamnyeshea nyusi, inamdondoka kidevuni. "Mvuke."

"Hicho kilikuwa maji ya kunywa ya mgeni. Kitendawili."

"Tega."

"Ndugu wawili, ukuta mmoja. Wakilala wote, mwenye nyumba analala mlango wazi."

Seremala akafikiri. "Madirisha?"

"Madirisha hayo unayo usoni."

"Pua! Na mlango ni mdomo!"

"Na mlango wenyewe unakoroma!" ikaja sauti ya mkewe kutoka chumba cha ndani.

"Wewe hujategewa," bibi akamkemea. "Kitendawili. Ana meno mengi hajawahi kushiba. Anachokila chote anakitema."

"Msumeno. Huyo namjua, mama, ndiye aliyenifikisha hapa." Na alipocheka, upande wa kushoto wa pua ukapasuka kidogo, kama mlango uliovimba kwa mvua unapolegea. Uzi mmoja wa hewa ukapita, joto, ukapanda mpaka kati ya macho. Akashtuka, akaufuata kwa pumzi, ukafunga.

"Cha mwisho," alisema bibi, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Hakina uzito, lakini kimewainamisha wote walioingia nyumba hii."

Maji yalidondoka kwenye beseni, tone kwa tone.

"Unanipa mji?" akauliza bibi, kama mtegaji anavyouliza aliyeshindwa.

"Nakupa mji, mama. Chukua karakana yangu na vumbi lake."

"Siutaki. Mji wako nakutunzia tu. Hiki jibu lake kila mtu humu analijua, na wewe unalijua. Lakini mimi sitalipokea kwa mdomo mtupu. Utanijibu siku pua yako itakapofika. Haya, toka, ujifute, usikae kwenye upepo."

Ikawa hivyo kila jioni. Siku nyingine uso ulikuwa mwepesi, akalala mdomo umefungwa, na mkewe akaamka kumtikisa kuona kama yu hai, kwa jinsi nyumba ilivyokuwa kimya. Siku nyingine pua ilirudi palepale, hasa baada ya siku ya msumeno. Alivua nguo za kazi uani, akaoga, akavaa shati safi, ndipo akaingia. Na sasa alimbeba mtoto, kwa sababu hakuwa tena na cha kuficha. Alimbeba akamwimbia kwa sauti ile ya debe, na Kifungo akamtazama mdomoni kwa mshangao. Kila usiku kabla ya kumlaza aliweka pua utosini, akavuta. Hapakuwa na kitu. Mkewe alijifanya anahesabu vishikizo.

Siku zikawa zinakwenda. Kifungo alianza kutabasamu. Bibi akaanza kuosha nguo zake mwenyewe na kuzirudisha mfukoni, maana binti yake alikuwa ameshapata nguvu na nyumba yake nayo ilikuwa inamwita. Na jioni moja mshonaji alipomnusa mtoto, alivuta pumzi mara mbili badala ya moja. Akamwangalia mama yake. Mama akayaangalia maji ya kufukizia yaliyokuwa motoni.

"Mama, bado ipo," alisema mshonaji haraka. "Ipo kwa nyuma, karibu na shingo."

Jioni ile vitendawili vilikuwa vile vile vinne, na cha nne hakikujibiwa. Seremala akatoka chini ya taulo, uso umelowa, akajifuta, akapumzika kidogo, akaenda kumpokea mtoto ili mkewe amalizie sare. Akatembea naye chumbani, huku na huku, akiimba. Ghafla akasimama. Akakunja uso.

"Mama Kifungo."

"Abee."

"Ananuka."

"Nani ananuka?"

"Mtoto! Ananuka!" Sauti ilipanda. "Ananuka sana! Ananuka mpaka kwenye macho!"

Mshonaji aliitupa sare. "Usimseme mtoto wangu—" kisha akaelewa, akashika mdomo kwa mikono miwili.

"Ananuka kabisa!" Seremala alikuwa anacheka na kuzunguka naye, na Kifungo, aliyejaza nepi yake bila kujua ameleta habari gani, alikuwa anatabasamu. Upande wa pili wa pazia bibi alikuwa ameinuka kwenye kigoda.

"Msafisheni basi!" alisema. "Upesi, kabla mlango haujafunga!"

Hakuna mtoto aliyewahi kubadilishwa nepi kwa haraka vile. Maji, kitambaa, nepi safi, pini mbili. Mkewe akamgeuza mtoto, akamvua kofia, akamwelekeza baba mahali penyewe kwa kidole: nyuma, pale utosi unapoteremkia kisogo.

Seremala akainama. Mpigilia misumari wa kichwani hakugonga. Akavuta pumzi, polepole, kama alivyofundishwa.

Mwanzoni ilikuwa hewa tu, yenye joto. Halafu, kwa ule upande wa kushoto, kikaja kitu. Kilikuja chembamba kama unywele. Seremala hakusogea, aliogopa hata kumeza mate. Akavuta tena, na kikarudi, kikamwingia mpaka mahali ambapo maneno hayajafika, na alisimama hivyo ameinama, mtu mzima na mabega yake mapana, mkewe ameweka mkono juu ya kisogo chake kama naye ni mtoto.

Pumzi ya tatu ilikwama. Pua ilikuwa imechoka. Hakuilalamikia.

"Mama," aliita, na neno likatoka kama lilivyo.

"Naam, mwanangu."

"Kile kitendawili."

"Nakusikiliza." 

Seremala alitafuta. Alijua mbao zote kwa majina yao, na hii haikuwa mojawapo, lakini hakuwa na lugha nyingine.

"Ukiupasua mti mbichi mara ya kwanza," alisema, "kuna pale katikati kabisa. Jua halijawahi kufika. Mkono wa mtu haujafika. Pananukia pale. Pananukia kwa dakika ile tu, ukienda kuweka shoka na kurudi, harufu imekwisha. Basi ni hiyo, mama. Ananukia hapo."

"Yaani mwanangu ananukia ubao," alisema mshonaji, huku anajifuta macho kwa kofia ya mtoto.

Bibi alisogea, akalikaribia pazia. Walimsubiri.

"Kila pua na kwao," alisema hatimaye, na sauti yake sasa ndiyo iliyokuwa imeziba. "Mji wako nimekurudishia."

Na pazia likatikisika kidogo upande wa chini, kama mtu anayefuta uso kwa pindo lake.